Mama Masijala na Lebo ya Salamu

Hakuna aliyeingia masijala bila kugonga, hata meneja. Mlango wenyewe ulikuwa wazi mchana kutwa, umezuiwa na jiwe ili upepo wa Singida usiubamize, lakini ulisimama kizingitini, ukagonga fremu, ukasubiri. Mama Masijala alimaliza kwanza alichokuwa anaandika. Kisha aliinua macho, akapokea shikamoo yako kama ulikuja nayo, na kama hukuja nayo alikutazama mpaka uikumbuke. Nilifanya naye kazi miaka tisa na sikuwahi kuona mtu akimharakisha.

Ofisi yetu ilikuwa ya visima. Shirika dogo pale mjini, vyumba vitano na ua wa kuegesha magari. Vijiji viliandika kuomba kisima kirefu, wataalamu walikwenda kupima, na mtambo wa kuchimba ulipofika mkoani ulipita kwenye vijiji vilivyo kwenye orodha. Kila karatasi ya safari hiyo ilipita mezani kwake. Mimi nilikuwa mtu wa kompyuta, na kwa hiyo aliniita Kompyuta.

"Kompyuta, njoo uangalie hiki kidude chako, kimezubaa."

Jina langu alilijua vizuri sana. Lilikuwa kwenye jalada langu la utumishi, na yeye ndiye aliyelifungua.

Majalada aliyapenda kuliko watu, au ndivyo tulivyosema tukiwa mbali naye. Ukichukua jalada ulisaini kwenye daftari. Ukilirudisha ulisaini tena, naye alilifungua mbele yako na kuhesabu kurasa. Mhandisi wetu mmoja aliwahi kupeleka jalada Iguguno akalirudisha na alama ya mafuta ya andazi kwenye barua ya kijiji. Mama Masijala alimwandikisha maelezo ya nusu ukurasa, akayabandika humohumo, na nadhani yapo hadi leo: "Mimi niliyetia sahihi hapa chini nilikula andazi juu ya barua hii." Mwaka mwingine bati lilivuja usiku na asubuhi tukamkuta amekwisha funika rafu kwa kanga zake mbili, huku yeye akiwa ameketi na gauni lililolowa mabega, anatusubiri na maneno yake.

Maneno yake hayo hayakuwa mengi, ila yalikuwa na meno. Alisema barua haifi, inazikwa hai na wavivu. Mtu akimwambia mvumilivu hula mbivu, alimkubalia, kisha akaongeza kwamba asiyekumbusha huzikuta zimeoza. Akikasirika sana aliacha Kiswahili akaingia Kinyaturu, na hapo hata sisi tusiokijua vizuri tulielewa kila kitu.

Nisimfanye malaika, angenicheka. Alikuwa na kichwa kigumu, na hakuwahi kumwambia mtu pole kama aliona amejitakia. Aliwaandama wote walioacha barua bila majibu, lakini ndani ya droo yake mwenyewe ilikaa bahasha moja ya mwanamume aliyewahi kumuoa, miaka sita, haijajibiwa wala kutupwa. Nilithubutu kumuuliza mara moja iko kwenye jalada gani.

"Hiyo haina jalada," alisema. "Ifunge droo."

Na yule yule aliyekukazia macho kwa ajili ya shikamoo, barua pepe zake hazikuwa na salamu hata moja. "Jalada namba fulani lirudishwe leo." Basi. Nilipomtania kwamba anaikosea kompyuta adabu, alisema kompyuta haina umri, ataiamkiaje?

Tulipoanza kutumia barua pepe kwa kazi zote nilidhani atatusumbua. Wenzake wa rika lake walikuwa wakichapisha kila barua na kuificha kwenye majalada ya zamani. Yeye alikaa nami siku tatu, akauliza maswali ya mtu anayenunua ng'ombe, na siku ya tatu nikamwonyesha lebo: kwamba barua moja unaweza kuibandika lebo ya Maombi, na hiyo hiyo ukaibandika ya Iramba, na ya Vipimo, ikapatikana kote. Alivua miwani.

"Miaka yote hii karatasi moja imelala kwenye jalada moja," alisema. "Ukikosea jalada umepoteza mtu. Hii inalala kote?"

"Inalala kote, Mama."

Tangu siku hiyo hakuna barua iliyoingia kwenye kisanduku chetu ikaona jua likizama bila lebo. Alizibuni mwenyewe. Maombi. Wanasubiri Vipimo. Tumeahidi. Hasira, kwa wale waliotutukana, na hizo alizisoma kwanza. Na moja iliyoitwa Salamu, ambayo niliiona kila siku na sikuwahi kuifungua.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na nitalisimulia bila kulipamba.

Meneja alirudi kutoka kwenye semina na habari za akili unde. Kulikuwa na programu mpya iliyomwezesha wakala, yaani hiyo akili unde yenyewe, kuingia kwenye kisanduku cha barua pepe na kuchukua barua kwa lebo. Ukimwambia alete zenye lebo ya Maombi, analeta hizo tu, anazisoma, anapanga orodha. Lebo usiyompa ruhusa haioni kabisa. Orodha ya visima, iliyokuwa ikituchukua wiki mbili za kubishana, ingetoka kwa dakika chache. Meneja alinipa kazi ya kuiunganisha, nami nilifurahi, kwa sababu ni nadra mtu wa kompyuta kuitwa ofisini kwa jambo lisilohusu wino wa printa.

Nilikaa alasiri moja nikiweka alama kwenye kila lebo: hii achukue, hii asichukue. Nilipofika kwenye Salamu nilicheka peke yangu. Nani anachimbia salamu kisima? Niliiacha bila ruhusa, nikaendelea. Mama Masijala alikuwa chumba cha tatu kutoka nilipokaa. Sikwenda kumuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi siku hiyo nilijiona nimekwisha jifunza yote.

Wiki hiyo mtambo ulikuwa njiani kuja Iguguno. Ungechimba visima tisa kisha ungeondoka mkoani, na kurudi kwake hakuna aliyekujua. Wakala alitoa orodha ya vijiji tisa, safi, yenye sababu kwa kila kimoja. Meneja aliisifu. Ijumaa asubuhi ililetwa masijala ipate namba na muhuri, kwa sababu kwetu hata kinachotumwa kwa barua pepe hakikutoka bila namba ya Mama Masijala. Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Alipofika mwisho alirudi juu akaanza tena.

"Kompyuta," aliniita. "Wa zahanati, kule karibu na Misigiri, wako wapi?"

Nikasema kama hawamo basi hawakuomba. Aligeuza kioo cha kompyuta yake upande wangu, akaifungua Salamu.

Barua zilikuwa tatu, zote kutoka kwa muuguzi wa zahanati hiyo. Ya kwanza ilitujulia hali, ikauliza habari za familia, ikasema alizeti imestawi. Ya pili ilitujulia hali tena na kutuomba tuwasalimie meneja na dereva. Ya tatu nilisoma mara mbili, na naikumbuka neno kwa neno: "Akina mama wanaojifungua hapa wanawasalimu sana, pamoja na ndugu zao wanaowaletea maji."

"Tuliwaahidi misimu miwili iliyopita," alisema Mama Masijala. "Sisi huku mtu ukimwahidi kitu hakudai. Akidai amekuita mwongo. Anakuja kukusalimu. Mara ya kwanza amekusalimu. Ya pili anakukumbusha. Ya tatu amekwama. Wewe mwenyeji wa wapi vile?"

Mimi ni mwenyeji wa huku huku, na alilijua hilo. Mama yangu mzazi alikwenda kumsalimu jirani mara nne kwa ajili ya jembe letu lililoazimwa, na jembe likarudi bila neno baya kusemwa. Niliyajua hayo yote tangu utoto, nikayasahau mbele ya skrini. Niliona aibu ambayo sina haja ya kuificha.

Nilirudi mbio mezani, nikampa wakala ruhusa ya Salamu, nikamwambia asome upya. Jibu lilikuja haraka: barua tatu, hakuna ombi, hakuna hatua inayohitajika. Nilimpelekea Mama nikitarajia aitukane mashine. Aliisoma taratibu.

"Imesoma vizuri," alisema. "Ila haikulelewa huku."

Kisha akakunja mikono ya gauni. Ahadi yenyewe ilikuwa kwenye karatasi, tangu kabla ya barua pepe, mahali ambapo wakala asingefika hata tungempa ruhusa zote. Alilitoa jalada, akanisainisha mimi, akaifungua barua ya ahadi penye sahihi ya meneja aliyetangulia, akaniambia niipige picha na kuituma kwenye anwani yetu wenyewe. Ilipoingia aliibandika lebo ya Tumeahidi. Akazifuata zile tatu za muuguzi, akazibandika Tumeahidi pia, moja baada ya nyingine, bila kuiondoa Salamu. Nikamwita wakala tena. Safari hii kijiji cha zahanati kilitokea.

Kilitokea cha kumi.

Meneja hakuwa mtu mbaya, nataka ieleweke. Alikuwa mtu wa saa. "Mama, mtambo una visima tisa," alisema akiwa kizingitini, na alikuwa amegonga. "Jioni hii lazima orodha iende. Piga muhuri, hao wa zahanati tutawaweka msimu ujao."

"Msimu uliopita mliniambia msimu ujao."

"Sasa nimtoe nani? Wote tisa wana haki."

"Wana haki," alikubali. Alitazama saa ya ukutani. Ilikaribia wakati wa swala ya Ijumaa. Aliingiza muhuri kwenye droo, akafunga droo, akatoka, akafunga masijala, akatia funguo kwenye pochi. "Niachieni mpaka saa tisa."

Meneja alibaki ameshika orodha mbele ya mlango uliofungwa. Nilidhani atapandisha hasira, lakini alinigeukia akaniuliza kwa sauti ndogo kama kuna ufunguo wa akiba. Nikasema uko ndani ya masijala.

Saa tisa kasoro barua pepe iliingia kutoka kwa mwenyekiti wa kijiji kimoja cha upande wa Mungaa, kilichokuwa cha nne kwenye orodha. Ilikuwa fupi. Ilisema serikali ya kijiji imeridhia kuachia zamu yake safari hii kwa ajili ya zahanati, na inaomba ibaki kwenye kumbukumbu kwamba haijajitoa. Mama Masijala alirudi, akaibandika lebo ya Tumeahidi, wakala akapanga upya, muhuri ukapigwa, orodha ikaenda. Meneja alimshukuru, naye akamjibu kwamba jalada la magari bado liko ofisini kwake tangu juzi.

Mimi nilikuwa na furaha ya mtu aliyenusurika. Sikuuliza mwenyekiti huyo alishawishiwaje kwa saa mbili.

Maji yalitoka kule kwenye zahanati. Muuguzi alituandikia siku hiyo hiyo, na barua yake nzima ilikuwa maneno mawili: "Maji yametoka." Mama Masijala aliitazama kwa muda, akatengeneza lebo mpya ambayo hatukuwahi kuwa nayo, Imekwisha, akaibandika. Kisha akaniita nikae, akanifundisha lebo zake zote upya, siku baada ya siku, na mimi nikayageuza maelezo yake kuwa maagizo ya wakala: anayesalimu mara tatu bila kutaja shida, tafuta alichoahidiwa, usipokipata, muulize binadamu. Alinifundisha kwa ukali. Mwaka uliofuata alistaafu. Tulimwagia sifa nyingi kwenye sherehe, naye alipopewa nafasi ya kusema alisema daftari la majalada lina saini nne zisizofungwa, akawataja wenyewe kwa majina.

Nilikutana naye mara moja tu baada ya hapo, mwaka huu, wakati wa kiangazi. Nilikwenda upande wa Mungaa na gari la wapimaji kuwawekea programu kwenye simu zao. Tulisimama kwenye kijiji kimoja kuulizia njia, na jina la kijiji lilikuwa limeandikwa kwenye ubao wa shule. Nililisoma, likanigusa mahali. Nilikuwa nimekwisha liona jina hilo, la nne kwenye orodha. Wakati nalitafakari, mwanamke mmoja aliyeona nembo ya gari letu alituuliza kama tumekuja kwa yule mstaafu wetu.

"Mstaafu gani?"

"Wifi yangu. Wa majalada." Alitema neno hilo kidogo. "Aliyetunyima kisima. Mtamkuta lamboni."

Nilikwenda kwa miguu. Lambo lilikuwa limekauka nusu, maji yamebaki katikati, ya rangi ya chai ya maziwa, na ng'ombe wameingia upande wa pili. Mama Masijala alikuwa ameinama, anachota kwa kopo na kuyamimina kwenye ndoo kupitia kitambaa. Hakuharakisha. Nilisimama nikasubiri mpaka ndoo ikajaa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Kompyuta. Umekonda."

Nilikuwa na maneno mengi, likatoka moja tu. "Kwa nini hukuniambia ni kwenu?"

"Ungefanya nini? Ungenionea huruma, na orodha ingeharibika." Alifinya kitambaa. "Nilimpigia mwenyekiti. Ni mtoto wa shangazi yangu. Nikamwambia sisi tuna lambo, wale wana watu wanajifungulia kwenye sakafu kavu. Akaita wajumbe wake. Wakakubali."

"Na watu wengine?"

"Wengine walinuna. Wengine wananuna mpaka leo, wewe umekutana na mmoja. Sisemi wamekosea. Hawakuniajiri wao niwagawie maji yao." Alikung'uta kitambaa. "Kuna siku najuta, usidhani. Jua likiwa kama hili najuta mpaka adhuhuri. Halafu namkumbuka mtu yuko kwenye uchungu na wanamtafutia maji, najua ningefanya vile vile."

Macho yalinijaa na sikuyaficha. Nikamwambia nikirudi ofisini kesho nitakiweka kijiji chao juu kabisa, namba moja, asubuhi na mapema.

Alinitazama kama alivyomtazama mhandisi wa andazi.

"Ukiniweka namba moja unamtoa nani? Mtaje jina nimjue."

Nilivipitisha vijiji vya orodha kichwani, nikaviacha vyote mahali pake.

"Basi toa hiyo simu. Andika sasa hivi, nikuone. Umekuja na gari lenye nembo, utafika mjini utasahau, nawajua nyie. Andika kijiji kiliachia zamu yake, barua ya mwenyekiti ipo kwenye kumbukumbu, na sasa kinaomba kisima. Weka lebo ambayo hiyo mashine yako inaichukua."

"Nianze na salamu?"

"Moja inatosha. Shida zetu siku hizi tunazitaja."

Niliandika nimesimama kwenye tope, yeye akisoma pembeni kwa kuinyoosha mikono yangu mbali na macho yake. Aliniondolea neno moja, "tafadhali," akasema limekaa vibaya, akaniruhusu nitume. Mtandao haukushika. Akajitwika ndoo yake, nami nikabeba kwa mkono ya pili, aliyoijaza kabla sijafika, na tukapanda kuelekea nyumbani. Ilikuwa mbali. Nilipumzika mara tatu, yeye hakupumzika, alinisubiri tu huku akiniuliza habari za daftari la majalada, kama wale wanne walisaini.

Juu ya kilima simu ikalia. Barua ilikuwa imekwenda, na wakala alikuwa amekwisha ichukua na kujibu. Nilimsomea kama ilivyokuwa: ombi limepokelewa, ahadi imepatikana kwenye kumbukumbu, nafasi ni ya kumi na nne.

Aliitua ndoo chini, kwa mara ya kwanza tangu tuondoke lamboni. Alisimama, mkono kiunoni, akitazama nyuma tulikotoka. Niliogopa kumwangalia usoni. Mtambo ule huchimba visima tisa na kuondoka, na hilo alilijua kuliko mimi.

"Kumi na nne inafika," alisema, akainama kujitwika ndoo yake.